Vifaa Kumi na Kimoja

Tulipomaliza kumzika baba na wali ukaanza kugawiwa, mtani wetu mmoja kutoka Mchombe alisimama katikati ya uwanja akainua sahani yake juu ili kila mtu aione. "Jamani, shuhudieni! Leo nyumba hii tumelishwa wali! Aliyekuwa anatunyima ndiye huyo tumemfukia!" Watu wakaangua kicheko, waombolezaji kwa wapishi, na hata padri nilimwona anaziba mdomo kwa kiganja. Ndiyo kazi ya watani msibani, na yule aliifanya vizuri. Nilicheka pamoja na wenzangu, kisha nikaingia ndani, nikajifungia chumbani kwa baba, nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Utani ule hutauelewa, kwa hiyo vuta kiti nikusimulie. Ni habari ya ndege ndogo ya plastiki, na ya nusu wembe, na ya siku ambayo wageni zaidi ya mia walikuja kula wali wa Ifakara, tena wakati wa mavuno, wakarudi kwao na ugali tumboni. Yote yalianzia kwangu. Lawama aliibeba baba, na ameingia nayo kaburini.

Ukutani, juu ya kitanda chake, ule ubao wa vifaa ulikuwa bado unaning'inia. Ni kipande cha mninga ambacho baba alikipiga randa mwenyewe, akachora juu yake kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa: mkasi, koleo, bisibisi ndogo, tupa, kibano, sindano, rula, brashi mbili, kijiti kilichogandishwa msasa, na nusu wembe. Kila kifaa kilining'inia juu ya kivuli chake. Ukiondoa mkasi, kivuli cha mkasi kinabaki kinakutazama. Vivuli ni kumi na kimoja. Siku ile ya msiba vifaa vilikuwa kumi, na kile kivuli chembamba cha pale chini kulia kilikuwa kitupu tangu mimi niko darasa la nne.

Baba alikuwa fundi wa ndege za kivita jeshini, katika kambi ya mbali na kwetu. Alirudi nyumbani kabla ya wakati wake, na sanduku moja la bati, na hakueleza kwa nini. Akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na jioni alikuwa anarudi mweupe kuanzia nywele hadi kope kwa vumbi la pumba. Mama alikuwa mwalimu Masagati, huko mbele ya Mlimba, ambako mvua zikikolea barabara inakatika, kwa hiyo tulimwona likizo tu. Nyumbani tulibaki watatu: bibi, yaani mama yake baba, baba, na mimi.

Siku moja daktari mgeni aliyekuwa amepanga jirani alihama kurudi kwao, akagawa vitu vyake. Bibi, aliyezoea kumuuzia mchicha, alipata ndoo mbili, chandarua, na boksi moja jepesi lililokuwa likilia likitikiswa. Alidhani ni vikombe. Alipoona ni plastiki tupu zilizokatikakatika alitaka kuzimwaga ili boksi lihifadhie mbegu za maboga. Bahati nzuri baba aliingia wakati huohuo. Alitazama picha ya juu ya mfuniko, ndege ya kijivu yenye pua iliyochongoka, akakaa juu ya kinu bila hata kujipangusa vumbi.

"Ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo ipi?" bibi akauliza.

"Niliyokuwa naifanyia kazi."

Alikwenda kuoga. Aliporudi alinawa mikono tena, akaikausha kwa shati safi, ndipo akafungua boksi. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa pembeni. Ndani kulikuwa na mabawa, mkia, magurudumu madogo kama choroko, kioo cha rubani, na rubani mwenyewe asiye na uso, vyote vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama matunda ambayo hayajachumwa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Baba aliisukuma kando. Aliijua ndege ile kuliko karatasi.

Tangu jioni hiyo nyumba yetu, kwa maneno ya bibi, ikawa kambi. Tulijenga barazani, kwenye meza ya kulia, kwa mwanga wa jua tu. Gundi ya mle ndani ilikuwa imekauka, kwa hiyo baba aliyeyusha kwa petroli lile povu jeupe la kufungia redio, akapata uji wa kunata uliotuumiza vichwa. Rangi tuliomba mabaki ya ile iliyopakwa mashine, ya kijani na ya kijivu. Tulipounganisha mwili kwa uzi ili tujaribu tu, ndege ikakaa kitako, pua juu, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Alikwenda kwa jirani mvuvi akarudi na vijirisasi vya nyavu, vile vya kuzamishia, akavigandamiza ndani ya pua kwa nta ya nyuki aliyoilainisha juani. Ndege ikasimama kwa magurudumu matatu. Baraza nzima ilinukia asali na petroli, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nasikia asali ambayo haipo.

Kwangu ulikuwa wakati mtamu usio na mfano. Mtu ambaye hakuwa na maneno kumi kwa siku alikuwa ananiambia habari za vali na mota na waya. Lakini alikuwa mkali. Hakuna kipande kilichokatwa kijitini kabla sijasoma namba yake kwa sauti. Nikibandika vibaya ananiangalia tu, anasubiri nibandue mwenyewe. "Ndege haijali kama wewe ni mtoto," alisema. Na kila jioni, kabla kuku hawajaingia bandani, tulihesabu.

"Vifaa?" anauliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kumi na kimoja!"

"Vilivyopo?"

Nilipaswa kugusa kila kimoja ubaoni kwa kidole. Mkasi upo, koleo ipo, hivyo hivyo mpaka nusu wembe. "Vipo kumi na kimoja!" Hapo alifungua daftari la shule, akaandika kumi na kimoja juu ya kumi na kimoja, akasaini kama anasainia roho ya mtu, akasema, "Haya. Watu wakalale." Kambini kwao ndivyo walivyosema wakimaliza kuhesabu. Kwangu ilimaanisha bibi anaweza kupakua ugali na kambale, na kwamba baba ameridhika nami siku nyingine moja. Nilikuwa nangoja maneno yale kuanzia asubuhi.

Sasa sikia kilichonitia sumu. Kwenye pampu ya maji, nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu, wanawake wawili mbele yangu walikuwa wanaongea bila kujua niko nyuma. Mmoja akasema, "Si huyu fundi wa mashine? Alisahau spana ndani ya ndege, ikamwua rubani. Ndiyo maana yuko hapa." Mwenzake akaguna, "Na mpunga wetu tunampelekea yeye." Nilirudi na ndoo nusu, nyingine yote ilimwagika njiani. Sikumuuliza baba. Niliamua tu kwamba wanasema uongo, kwa sababu mtu anayehesabu brashi za mtoto kila jioni hawezi kusahau spana. Niliamua pia kwamba nyumbani kwetu hakitapotea kitu. Kikipotea kimoja tu, basi wale wanawake watakuwa wamesema kweli.

Msimu huo tulikuwa tunajiandaa kumaliza msiba wa babu. Mwaka ulikuwa umetimia, kungekuwa na misa kisha chakula, na ndugu wangetoka Lumemo, Mchombe hadi Masagati. Bibi alitenga mpunga wa supa, aina ile inayonukia, wa shamba lake mwenyewe, uliovunwa kwa mkono, akauanika uani juu ya maturubai mawili. Hakuruhusu mtu auguse. Wali huo, alisema, ndio mumewe ataagwa nao.

Jumamosi moja baba alikuwa mashineni, foleni ya mavuno ilikuwa ndefu, na mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku. Nilikaa ukingoni mwa turubai na ndege yangu, nakwangua kwa nusu wembe rangi ya kijani iliyovuka mpaka kwenye kiti cha rubani. Sehemu mbili za mwili zilikuwa tayari kufungwa. Baba alikuwa ameniambia waziwazi, "Tumbo linafungwa mbele yangu." Lakini nilitaka akirudi aikute nzima. Nikapaka gundi, nikazikutanisha, nikazifunga kwa uzi, nikatulia naitazama. Ilikuwa nzuri jamani, acha tu.

Jua lilipoanza kulala nilikwenda kurudisha vifaa ubaoni. Nikaweka kumi. Kivuli cha nusu wembe kikabaki wazi.

Nilirudi uani mbio. Niligeuza jamvi nililokuwa nimekalia, nikapekua mifuko ya gauni, nikapitisha vidole kwenye mpunga mpaka mikono ikawasha na makapi yakanijaa kwenye kucha. Bibi alikuja na viroba vyake kuanza kukusanya. "Unatafuta nini?" Nikasema hereni. "Hereni gani, wewe una hereni?" Nikaendelea kupekua. Alianza kuchota kwa ungo, anamimina kirobani, anachota tena, na kila ungo ulivyokwenda mimi niliona wembe wangu unakwenda nao. Nilipaswa kupiga kelele. Badala yake niliwasikia wale wanawake wa pampuni, nikasikia na baiskeli ya baba inaingia.

Bibi alikuwa na kopo la kutunzia nyembe za kukatia kucha. Nilichukua mmoja, nikauvunja katikati ndani ya karatasi yake kama baba alivyofanya ule wa kwanza, nusu moja nikaitupa chooni, nusu nyingine nikaitundika ubaoni.

Baba aliiona ndege kwanza. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye maungio. "Umefunga bila mimi."

"Ndiyo, baba."

Akairudisha mezani. Ilikuwa imefungwa vizuri, na nafikiri aliona fahari, ndiyo maana akaacha. "Vifaa?" Nikajibu. "Vilivyopo?" Nikagusa kimoja kimoja. Nilipofika kwenye wembe alisogea karibu na ubao akainama. Nusu wembe yetu ilikuwa na doa la kijani pembeni. Ile niliyotundika ilikuwa inameta. Aliitazama kwa muda ambao mimi nilihesabu mapigo ya moyo wangu, kisha akafungua daftari, akasaini.

"Haya. Watu wakalale."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale yasinifurahishe.

Kesho yake mpunga ulikobolewa. Nilijipeleka mashineni mwenyewe, nikasimama karibu na mkanda ambako watoto walikuwa wanakatazwa kusimama. Katikati ya kiroba cha pili mashine ilitoa mlio, kach, mmoja tu, na baba akainua kichwa. Alisikiliza. Pengine lilikuwa jiwe, mawe hupita kila siku. Akaendelea kumimina. Mimi nikakaa chini kwenye pumba.

Siku mbili zilizofuata sikula vizuri, na bibi alinipa dawa ya minyoo. Wanawake wa ukoo walifika kuchambua mchele. Walijipanga kivulini na nyungo zao, wanapeta, wanatoa mawe na chuya, wanasimuliana ya kwao. Shangazi yangu wa Masagati alikuwa na mazoea ya kutafuna mchele mbichi akichambua. Anaokota punje chache, anarusha mdomoni, anatafuna akiongea. Nilikaa mbele yake natazama taya lake. Kila alipomeza nilingoja ashike koo. "Mtoto huyu mbona ananikodolea hivi?" aliuliza. "Una njaa?" Akanisogezea kiganja chenye punje nikatafune na mimi. Nilikimbia nikajificha nyuma ya banda.

Siku yenyewe ikafika. Tuliporudi kutoka kanisani masufuria yalikuwa yameshapaliwa makaa juu ya mifuniko, na harufu ya supa ilikuwa inafika barabarani. Wapita njia walikuwa wanatania kuwa nao ni ndugu wa marehemu. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Watani wa Mchombe walikuwa wameshaanza kumsema babu kwamba alikufa ili akwepe kulima. Mpishi akafunua sufuria la kwanza, mvuke ukapanda, sahani ya kwanza ikajazwa ya mzee kuliko wote. Nilimwona baba anabeba benchi kuelekea kivulini. Nilimfuata nikamshika shati.

"Baba. Wembe uliopo ubaoni siyo ule."

Aliweka benchi chini taratibu. "Ule uko wapi?"

"Uliangukia kwenye mpunga."

"Lini?"

"Jumamosi. Kabla haujaenda mashineni."

Kwanza alikwenda kwa mpishi, akamnong'oneza, na sahani ile ikarudishwa. Kisha akanivuta ndani. Alichukua ndege, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Akawasha tochi akachungulia kupitia tundu la moshi la nyuma, akaigeuza, akachungulia tena. Hakuona kitu. Akaiweka mezani, akachukua koleo yake kubwa ya kazini, na mimi nikajua anafikiri nini.

"Nitazame," alisema. "Mara ya mwisho kushika ule wembe, tumbo la ndege lilikuwa limeshafungwa?"

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Sikuwa nakumbuka. Nilijaribu kukumbuka pale pale, mbele yake, na kichwani hapakuwa na kitu. Nilichokiona ni ile koleo mkononi mwake, na ndege yetu, na jioni zote zile za barazani zikivunjwa vipandevipande.

"Lilikuwa limeshafungwa, baba."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Aliweka koleo chini. Alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja, akasubiri mpaka wakanyamaza. "Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Naomba mtu yeyote asile." Nilisikia mtoto mmoja anaanza kulia kwa njaa. "Nimepoteza wembe. Umeingia kwenye mpunga, na mashine itakuwa imeukata vipande. Mchele huu hauliki."

Alisema "nimepoteza". Hakunitazama hata kidogo.

"Si tuchambue upya?" bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Mama, vipande vitakuwa vidogo kama chenga. Macho hayavioni."

"Watu wametoka Mchombe, mwanangu. Watu wametoka Masagati."

"Najua, mama."

Mmoja nyuma ya mabenchi alisema, si kwa sauti ya chini sana, "Amerudia." Baba alisikia. Alichukua jembe akaenda nyuma ya choo, akachimba shimo peke yake na suruali yake ya kanisani, na masufuria yakabebwa moja moja, wali mweupe unaotoa moshi ukamiminwa mle, pamoja na viroba viwili ambavyo havijapikwa, hata kuku wasiupate. Bibi alisimama pale mpaka shimo likafukiwa. Mwenye duka la jirani alitoa unga, na saa kumi jioni wakulima wa mpunga wa bonde zima wakalishwa ugali na nyama. Walikula. Lakini watani walipata cha kusema kwa maisha yao yote, na wale wasio watani walikisema pembeni, ambako ni kubaya zaidi. Bibi hakumsemesha baba mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Jumatatu yake baba aliniita barazani. Nilijua nitachapwa, na nilitaka nichapwe. Badala yake alianza kusimulia, na macho yake yalikuwa barabarani.

"Kambini tulikuwa wawili kwenye zamu, mimi na mwenzangu. Alipoteza spana. Akaogopa, akaweka ya kwake ili hesabu itimie. Mimi nikaja kukagua. Niliona ile spana ni mpya kuliko wenzake. Nikajiambia, labda ameisafisha. Nikasaini. Rubani hakurudi. Nilikuwa namsalimia kila asubuhi."

Nikasogea karibu naye.

"Na Jumamosi ile niliona wembe unameta. Nikajiambia, mtoto ameusafisha. Nikasaini tena." Akanigeukia sasa. "Lakini wewe ulisema kabla hawajala. Mwenzangu hakusema. Wewe umetushinda sisi watu wazima."

Hebu fikiri. Nimesimama pale na uongo wa pili mdomoni, na baba yangu ananisifu kwa ukweli. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilikuwa na miaka kumi.

Alitoa ile nusu wembe ya uongo ubaoni, akaitupa. Akachana kitambaa chekundu kutoka khanga kuukuu ya bibi, akakifunga kwenye pua ya ndege. Kambini kwao, ndege ambayo kifaa chake hakijaonekana ilifungwa chekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka kionekane. Akaipandisha juu ya kabati. Kwenye daftari akaandika kumi juu ya kumi na kimoja, na neno moja, hairuki, na hakuandika tena baada ya hapo. Yale maneno ya watu wakalale sikuyasikia tena kinywani mwake. Kwa miaka yote nilipokuja kumsalimia, kutoka shuleni, kisha kazini, kisha na watoto wangu, ndege ilikuwa pale juu. Aliipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku bila kuinyanyua. Kila safari niliapa nitamwambia kuhusu uhakika wangu ule, na kila safari tuliongelea bei ya mbolea.

Basi siku ya msiba, kwikwi ziliponiisha, nilipanda juu ya stuli nikaishusha. Kitambaa kilikuwa kimefifia mpaka kikawa na rangi ya udongo. Nilikifungua. Nilipoigeuza ndege mkononi, kitu kilitembea tumboni mwake.

Nilikaa kitandani. Nikaitikisa tena. Kikatembea tena, na safari hii vilikuwa vitu vingi. Gundi ile ya povu na petroli ilikuwa imezeeka, kucha ya kidole gumba ilitosha, na tumbo likaachia. Nta ilikuwa imekauka na kupukutika, haina hata harufu. Vijirisasi vya mvuvi vilinimwagikia mapajani, na katikati yao nusu wembe yenye kutu, na pembeni mwake, bado linaonekana, doa la kijani. Ilikuwa imenasa kwenye nta puani tangu dakika ile niliyolifunga tumbo peke yangu. Mchele ulikuwa salama. Shangazi alitafuna mchele salama. Baba alifukia wali safi, akala aibu ya bure miaka yote hiyo, kwa sababu nilisema nina uhakika.

Nje yule mtani alikuwa anaomba aongezewe wali, na watu walikuwa bado wanacheka. Nilitoka na ndege mkono mmoja, wembe mkono mwingine, nikasimama pale pale aliposimama yeye. "Wazee wangu, shikamooni. Naomba msile kwanza." Vijiko vikasimama hewani. Nikawaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe, pamoja na lile jibu langu. Wengi waliokula ugali siku ile hawapo tena. Shangazi hayupo, bibi hayupo, mvuvi hayupo. Waliokuwepo walitosha. Yule mtani, ambaye kazi yake ni kutokosa neno, aliweka sahani chini, akasema, "Mzee, tusamehe," akiwa amegeukia upande wa kaburi.

Siku hizi kwetu hakuna tena maturubai uani. Mpunga unaanikwa mashineni, na mashine zenyewe ni za umeme, zinatoa mawe na kupanga mchele zenyewe, watu wanakunywa soda wakisubiri. Pampu imeng'olewa. Baraza tuliyojengea ndege imezibwa ikawa chumba cha mpangaji. Ningependa kukwambia kwamba sikitiko langu ni la vitu hivyo, lakini siyo.

Wageni walipotawanyika jioni, kuku wakiwa wanaingia bandani, nilirudi chumbani nikatundika nusu wembe juu ya kivuli chake. Ilienea. Nikagusa vyote kwa kidole, kimoja kimoja, kwa sauti. Daftari lilikuwa sandukuni kwake, ukurasa ule ule. Nikaandika kumi na kimoja juu ya kumi na kimoja, kisha nikageuka, kwa mazoea tu, nikautazama mlango alikokuwa anasimama. Pa saini nimepaacha wazi. Pale ni pake.